Ondoeni Mto Chini ya Goti

Mhadhara wa umma uliotolewa Moi's Bridge



Nitaanza na mto. Neno hili lina maana mbili, na hapa kwetu zote mbili ziko karibu. Kuna Mto Nzoia, ambao mlowezi Arthur Cecil Hoey aliujengea daraja, na mji huu ukaitwa Hoey's Bridge miaka mingi kabla ya kuitwa Moi's Bridge. Halafu kuna mto wa kulalia. Siku niliporudishwa nyumbani kutoka hospitalini, mama yangu alichukua mto wake mwenyewe, akaukunja mara mbili, akauweka chini ya goti langu la kushoto ili nipate kupumzika. Kutoka goti hilo kwenda chini palikuwa na gutu la urefu wa shibiri moja, limefungwa bendeji, basi.

Mto huo ulikaa pale wiki saba. Kila mgeni aliyekuja kunipa pole aliupapasa, akauinua kidogo, akaurudisha vizuri. Ulikuwa upendo mtupu. Na kwa wiki hizo saba kano za nyuma ya goti zilikuwa zikifupika kimyakimya, goti likizoea kukunjika, hadi siku niliyojaribu kulinyoosha likakataa. Mguu wa bandia hauvaliki kwenye goti lililokunjamana. Hospitali niliyolazwa ilinishona vizuri, ikanipa dawa, ikanipa karatasi ya kurudi kliniki. Habari ya mto hakuna aliyenieleza.

Aliyekuja kuuondoa alikuwa mama muuza mitumba kutoka Webuye. Hatukujuana. Shemeji yangu alinunua sweta kwake, wakazungumza, akaambiwa kuna mwalimu Moi's Bridge aliyekatwa mguu na ambaye sasa hataki kutoka chumbani. Alipanda matatu hadi Kitale, akabadilisha gari, akafika kwetu kabla ya saa sita. Aliingia akitembea. Akaketi kwenye kigoda, akavuta sketi hadi juu ya goti, akavua mguu mmoja kama mtu anayevua gambuti na kuulaza sakafuni. Ndipo nilipoona gutu la mtu mwingine kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Lilikuwa laini, jeusi kuliko paja lake, na kovu lilipita mbele toka upande hadi upande kama mshono wa mdomo wa gunia. Halikunitisha. Langu mwenyewe lilikuwa likinitisha kila siku.

Kisha akauona mto. "Mwalimu, nani amekuwekea huu hapa?" Mama yangu akajibu kwa fahari kwamba ni yeye. Yule mgeni akauvuta polepole, akamkabidhi mkononi, akamwambia kwa heshima: "Mama, mto ni wa kichwa. Ukiuacha hapa, binti yako hatavaa mguu."

Goti langu lilichukua miezi mitano kunyooka, kwa mazoezi ambayo siwezi kuyasimulia bila kukunja uso. Lakini lilinyooka. Nimesimama mbele yenu kwa sababu ya dakika kumi za mama ambaye hakuwa na cheti chochote cha udaktari ila gutu lake.

Ninachotaka kusema leo kinatokana na dakika hizo kumi. Kutembelewa na mtu aliyekatwa kiungo kabla yako ni sehemu ya matibabu, sawasawa na bendeji na dawa ya maumivu. Wadi inayomkata mtu mguu na kumruhusu kwenda nyumbani bila kumkutanisha na mtu wa namna hiyo haijamaliza kazi yake.

Ajali yenyewe sitaisimulia kwa kirefu. Ilikuwa Novemba 2016, saa moja kasorobo jioni, msimu wa kuvuna. Wote mnajua barabara ya Eldoret kwenda Kitale inavyokuwa msimu huo: trela za mahindi zimejaa, trekta inavuta polepole, nyuma hakuna taa wala kiakisi. Mwendeshaji wangu wa boda hakuiona trela hadi ilipokuwa usoni. Yeye alivunjika mkono. Vijana wa boda, naomba mniruhusu niwaambie nyinyi na wenye matrekta: kipande cha kiakisi chekundu kinauzwa bei ya chini kuliko gorogoro moja ya mahindi.

Neno boda lilizaliwa huku kwetu magharibi, kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia na Malaba tangu miaka ya 1960. Pikipiki zilikuja kuenea baada ya mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250. Zimelipia watoto karo na kuwafikisha wajawazito hospitali usiku. Zimejaza pia wadi za mifupa. Ukiongeza kisukari kinachoua vidole vya miguu kimyakimya, ukaongeza nyoka wa Pokot na Turkana, ukaongeza vibao vinavyofungwa kwa kukaza mno na waganga wa mifupa vijijini hadi damu ikashindwa kupita, unapata jibu la swali ambalo watu huniuliza: mbona siku hizi walemavu wa miguu ni wengi hivi? Na msisahau mashine ya kupukuchua mahindi. Shafti inayotoka kwenye trekta huzunguka kwa kasi, haina kifuniko, na ikishika ncha ya leso au mkono wa koti, haiachi nguo peke yake. Katika watu ninaowajua waliopoteza mkono hapa kati ya Matunda na Kiminini, sehemu kubwa ni shafti hiyo.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 900,000 wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka 5, na karibu 385,000 kati yao wana shida ya kutembea. Wengi wako mashambani kuliko mijini. Shida yetu inaanzia hapo. Mtu mmoja aliyekatwa mguu yuko Chwele, wa pili yuko Kachibora, wa tatu yuko Soy. Kila mmoja katika kijiji chake ni yeye peke yake, na kijiji kizima kinamtazama.

Waswahili husema adhabu ya kaburi aijua maiti. Nimeifundisha methali hiyo darasani miaka mingi bila kuitafakari. Nikiwa kitandani niliitafakari sana, kwa sababu kila aliyenitembelea alitaka kunieleza adhabu yangu. Mchungaji alinieleza, jirani alinieleza, hata mwanafunzi wa kidato cha pili aliniandikia barua. Maiti ajuaye harudi kusimulia, na ndiyo maana methali ikaishia pale. Sisi tulirudi. Yale tunayoyajua yanaweza kusemwa, tena kwa maneno ya kawaida kabisa, na mtu akayatumia kesho asubuhi.

Kwa kuwa mimi ni wa lugha, nitapita hapo kidogo. Kiwete, kipofu, kiziwi, kilema: kwa umbo, maneno haya yamekaa pamoja na kiti na kisu. Wapo wanaodai kwamba Kiswahili kilitushusha hadi kuwa vitu. Lakini mwanafunzi akiandika "kiwete kimefika" ninamkosoa kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa sahihi ni "kiwete amefika". Umbo ni la kitu, upatanisho ni wa mtu. Aliyeipanga sarufi hii alijua tu watu, hata kama majina aliyowapa yalikuwa mazito. Katiba ya mwaka wa 2010, Ibara ya 54, imeongeza kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Mimi sichukii neno gutu. Ni neno letu, halina aibu. Ninachokichukia ni kuitwa "yule wa mguu mmoja" na mtu anayelijua jina langu.

Turudi kwa mama wa Webuye. Siku ile alipoondoka alichukua namba yangu ya simu, na jioni akaniingiza katika kundi la WhatsApp lenye watu kumi na wanne. Halikuwa na jina la maana, na hadi leo halina. Wengine walitoka Kimilili, wengine Kitale, mmoja alikuwa dereva wa zamani wa lori aliyekuwa akienda Lodwar. Nilidhani ni kundi la kuombeana. Usiku ule, saa nane, nilisikia simu ikilia. Mtu alikuwa ameandika maneno mawili: "Mguu umeamka."

Sijui kama naweza kuwaeleza nilivyojisikia. Kwa miezi miwili nilikuwa nikiumwa na kidole gumba cha mguu ambao ulizikwa. Kilikuwa kikipinda kwenda nyuma, kama kinashikwa na koleo, na sikuthubutu kumwambia mtu. Hapa kwetu ukisema mguu uliozikwa unakuuma, kuna atakayeshauri ufukuliwe ulazwe vizuri, na kuna atakayenong'ona juu ya mapepo. Sasa kumbe watu wana neno lake! Mguu umeamka. Mmoja akajibu kwa ujumbe wa sauti, akizungumza taratibu, akimwambia mwenzake akaze bendeji, asugue gutu kwa kiganja, kisha afumbe macho na afikiri anaufungua ule mguu usiokuwepo, kidole kimoja kimoja, kama anayefungua ngumi. Nilifanya yote aliyosema. Kidole changu kilifunguka. Nililala hadi kulipopambazuka.

Maumivu haya si mapepo wala wazimu. Ambroise Paré, mpasuaji wa majeshi ya Ufaransa, aliyaandika katika karne ya 16 baada ya kuwasikia askari wakilalamikia miguu ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameikata. Mwaka wa 1871 daktari Silas Weir Mitchell wa Marekani, aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, aliyapa jina la kitabibu. Ubongo una ramani ya mwili, na mguu ukiondoka ramani haifutiki siku hiyo. Inaendelea kupiga hodi pasipo na mlango. Katika miaka ya 1990 daktari V. S. Ramachandran, huko California, alifikiria njia ya kuujibu ubongo kwa kioo. Unaweka kioo katikati ya miguu, mguu mzima upande mmoja, unautazama kwenye kioo hadi macho yaone miguu miwili, kisha unauchezesha polepole. Ubongo unaona mguu uliopotea ukikunjuka, na kwa baadhi ya watu maumivu hupungua.

Katika kundi letu kijana mmoja wa Kiminini alisikia habari ya kioo kutoka kwa fundi wa viungo bandia. Kioo kikubwa kilikuwa kimoja tu katika ukoo wao, cha kinyozi cha kaka yake. Kila jioni baada ya mteja wa mwisho aliingia kinyozini, akakilaza kioo kiubavu kwenye benchi la wateja, akakaa nacho robo saa. Alituambia siku ya nne kwamba mguu wake "umekunja goti na kukaa". Watu kumi na wanne walishangilia kwa sauti, kila mmoja nyumbani kwake.

Ujumbe wa sauti nauthamini kuliko maandishi. Kuna wazee wetu wasiosoma. Kuna waliopoteza mkono wa kulia na wanaojifunza upya kushika simu kwa kushoto. Na kuna kitu ambacho maandishi hayabebi. Ukimsikia mtu akisema kwa sauti ya kawaida, huku kuku wake wanalia nyuma na mtoto anaomba chai, kwamba amevaa mguu wake leo akaenda kupalilia, unaamini. Ile sauti ya kuku ni ushahidi.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye gutu lenyewe, kwani hapo ndipo ujuzi wetu ulipo na ndipo watu hupoteza pesa. Ninyi ni wakulima. Mnajua bodi ya nafaka haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Ukiyapeleka mabichi utarudishwa nayo, na ukiyarundika ghalani yataoza. Gutu nalo ni hivyo hivyo. Baada ya upasuaji limejaa maji, limevimba. Linahitaji bendeji ya kuvuta, inayozungushwa kwa umbo la nane, ikazwe zaidi mwishoni na kulegea kuelekea juu, kwa miezi, hadi likauke na kushika umbo lake. Mtu akipimwa mguu likiwa bado bichi, soketi itakuwa pana baada ya muda mfupi, mguu utacheza ndani kama mchi kwenye kinu, na ngozi itachunika. Nimeona familia ikiuza ng'ombe kwa ajili ya mguu uliotengenezwa mapema mno. Mguu ule sasa uko nyuma ya mlango.

Hata likikauka, gutu halitulii. Asubuhi limejaa, jioni limepungua. Ndiyo maana tunavaa soksi maalumu na tunaziongeza kadiri siku inavyokwenda. Mimi huanza na moja nikiingia darasani, nikifika kipindi cha baada ya chakula ninaongeza ya pili, na siku za soko huwa tatu. Mwezi wa Julai, baridi ya Kitale inapotuingia, hesabu hubadilika tena. Jioni katika kundi utasikia: "Leo uko na ngapi?" "Mbili." "Ongeza, usingoje uwekundu." Mazungumzo haya yanaweza kumchosha msikilizaji wa nje. Kwetu ni kama wakulima wanaoulizana mvua. Mtaalamu kliniki ataniona mara mbili kwa mwaka. Soksi zangu nazihesabu kila siku.

Magongo nayo yana mambo yake. Aprili mvua ikinyesha, ncha ya gongo huzama kwenye tope hadi nusu. Raba za dukani huisha upesi kwenye kokoto. Fundi wa akala hapa sokoni hutukatia raba za tairi la lori, pana kidogo, zenye mistari, na hudumu mwaka. Nilipomwona akikata niliikumbuka habari ya mguu wa Jaipur. Mwaka wa 1968, katika mji wa Jaipur, India, fundi aitwaye Ram Chandra Sharma, aliyesoma kidogo sana shuleni, alishirikiana na daktari P. K. Sethi kuunda mguu wa raba ambao mtu anaweza kuuvaa bila kiatu, akachuchumaa, akaingia shambani kwenye maji. Miguu ya Ulaya iliundwa kwa mtu anayevaa viatu na kukaa kwenye kiti. Sharma alifahamu watu wake wanavyokaa. Mguu huo umefika hadi Nairobi, kupitia mradi ulioungwa mkono na Rotary.

Lakini mguu si kitu cha kununua mara moja. Mtu mzima huhitaji mwingine kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, na mtoto anayekua kila baada ya miezi sita hadi mwaka. Chama cha Walemavu wa Viungo nchini, APDK, kimekuwa kwenye kazi hii tangu 1958, na chuo cha TATCOT kule Moshi kimewafunza mafundi wa viungo bandia wa nchi nyingi za Afrika tangu 1981. Hao ni watu wa kuheshimiwa. Hata hivyo, fundi mmoja hawezi kuwa kila kijiji.

Yule dereva wa lori katika kundi letu alipitia Lokichoggio mara nyingi, enzi za hospitali ya Lopiding. Shirika la Msalaba Mwekundu la kimataifa liliifungua mwaka wa 1987 kwa majeruhi wa vita vya Sudan, na likaikabidhi kwa serikali yetu mwaka wa 2006, baada ya amani kutiwa sahihi Nairobi. Palikuwa na karakana ya miguu ya bandia. Anasema alipopita pale na shehena, aliwaona vijana wa Kidinka wamepanga foleni kati ya vyuma viwili vya kushikilia, kila mmoja akimtazama wa mbele anavyoweka kisigino, na wakicheka mtu akikosea. Miaka kumi baadaye alipokatwa mguu yeye mwenyewe, katika chumba chenye vyuma kama vile, alijikuta peke yake, anajitazama kwenye kioo. "Nilikosa mtu wa kunicheka," aliniambia. Nimeyaweka maneno hayo moyoni.

Shirika hilohilo, kule Kabul, Afghanistan, lina kituo cha viungo bandia ambacho Mwitaliano Alberto Cairo amekitumikia tangu 1990. Aliamua kwamba wafanyakazi wake watakuwa watu wenye ulemavu, na leo karibu wote waliwahi kuwa wagonjwa palepale. Anayekupima mguu amevaa mguu. Anayekufundisha kutembea amejifunza kutembea. Waingereza walijifunza jambo hili kwa machungu yao: zaidi ya askari wao 41,000 walipoteza viungo katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka wa 1932 waliobaki waliunda chama chao cha kitaifa, Blesma, ambacho kipo hadi leo. Jirani zetu Watanzania wamelipeleka jambo hili uwanjani. Timu yao ya soka ya watu waliokatwa viungo, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule Istanbul mwaka wa 2022, kwa magongo, mguu mmoja kwa kila mchezaji isipokuwa kipa. Kuna mzee hapa Matunda aliyeitazama mechi moja kwenye simu ya mjukuu wake, na kesho yake akaomba magongo yake yatolewe darini.

Sitaki mniondokee mkidhani simu inatosha. Nimekuwa msimamizi wa kundi hili miaka sita na nimeona makosa, mengine yangu. Tulipofika watu tisini walianza kuja wauza miguu wa uongo, wanaotuma picha nzuri na kuomba amana kwa M-Pesa. Walikuja wanaotaka kutupiga picha ili waombee pesa. Mtu mmoja alishauri gutu lipakwe mafuta ya taa ili ngozi iwe ngumu, na mwingine akafuata ushauri huo kabla hatujaamka. Tangu hapo tuna sheria moja isiyo na mjadala: gutu lenye harufu, joto au usaha halijadiliwi kundini, linapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Na kuna binti. Alikuwa na miaka kumi na saba, alijiunga akiwa bado wadini, akatuma picha ya gutu lake kuuliza kama mshono ulikuwa sawa. Mtu miongoni mwetu aliituma kwingine, kwa nia ninayoamini ilikuwa ya kumwombea. Ilizunguka hadi shuleni kwake. Binti aliondoka kundini bila neno, akabadilisha namba. Nimemtafuta. Aliyewahi kumwona amwambie kwamba mwalimu anaomba msamaha, kwa kuwa mlango ule nilikuwa mimi wa kuulinda na sikuulinda.

Kwa hiyo siku hizi kundi ni dogo tena, na kazi yake kubwa ni kupanga nani atakwenda wapi kwa miguu yake. Simu inatuarifu kwamba kuna mtu wadini. Kinachofuata ni nauli na kiti kando ya kitanda.

Na hili si ombi la hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2008, unasema katika Ibara ya 26 kwamba serikali zichukue hatua za kumrudishia mtu uwezo wake wa kujitegemea, na unataja waziwazi kwamba hatua hizo zijumuishe msaada wa wenzake walio katika hali kama yake. Katiba yetu, Ibara ya 2, inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2003 nayo imepata mrithi mwaka wa 2025, kutokana na mswada alioudhamini Seneta Crystal Asige. Sheria tunazo. Ninachokiomba kwa wadi za upasuaji za Kitale, Bungoma na Eldoret kinaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari: majina na namba za watu kumi waliokatwa viungo, wanaume na wanawake, wa mguu na wa mkono, waliofunzwa nini cha kusema na nini cha kumwachia daktari. Mgonjwa aulizwe kama anataka kumwona mmoja wao. Akikubali, apigiwe simu kabla ya msumeno, si baada. Na aliyeitwa alipwe nauli na chakula cha mchana, maana muuza mitumba anayefunga kibanda siku nzima anapoteza riziki ya siku nzima.

Alhamisi iliyopita niliitwa hivyo, na muuguzi mmoja ambaye amelianza jambo hili kwa moyo wake mwenyewe. Kijana wa miaka kumi na tisa, mkulima, alikuwa akatwe kesho yake. Mama yake alikuwa amelia hadi sauti imekauka. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya bendeji, ya mguu kuamka, ya mto. Yeye alikuwa na swali moja: "Mwalimu, na gambuti? Ng'ombe wanakamwa saa kumi na moja alfajiri na boma lote ni matope."

Nikamwambia gambuti linavalika. Shida ni kwamba mguu wa bandia haukunji kifundo, kwa hiyo unakwama shingoni mwa gambuti, na watu hulisukuma hadi wakakata tamaa. Tulipata dawa yake kundini, kutoka kwa mama mmoja mfugaji. Nilifungua mkoba, nikatoa karatasi laini ya mkate, ile ya plastiki, nikaivalisha mguu wangu kama soksi, nikaomba gambuti la mtu wa usafi. Mguu uliteleza hadi chini mara moja. Kisha nikaivuta karatasi kwa juu, ikatoka nzima.

Aliniomba nirudie. Nilirudia. Akaomba nimwachie ile karatasi, nikampa. Akaikunja mara mbili, akainua kichwa, akaiweka chini ya mto.